Kifungua Kopo cha Mfukoni cha Jeshi la Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi hukutana na kifaa hiki kwa mara ya kwanza baada ya msiba. Wanapanga vitu vya marehemu baba au babu, wanafungua mtoto wa meza, na chini ya risiti za zamani na vifungo vya koti wanakuta kipande cha chuma kilichokunjwa, kifupi kuliko kidole cha mwisho, kikiwa kwenye mnyororo mmoja na vibati viwili vilivyochongwa jina la mzee. Hawajui ni nini, na aliyejua hayupo tena wa kuulizwa. Majibu haya yameandikwa kwanza kwa ajili yao, kisha kwa wale wanaokinunua katika maduka yanayouza masalio ya jeshi, yaani mali iliyobaki ghalani na kuuzwa kwa raia, bila kufahamu kwa nini mzee aliyesimama kando yao dukani amekishika muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Hiki ni kitu gani hasa?

Ni kifungua kopo cha kukunja kilichotengenezwa kwa sehemu mbili tu. Sehemu ya kwanza ni bapa la chuma lenye urefu wa milimita 38 hivi, ambalo ndilo mpini. Ya pili ni jino fupi lililopinda, lililoungwa na bapa hilo kwa bawaba ndogo. Karibu na bawaba pana pengo la mviringo ambalo hung'ata ukingo wa kopo wakati jino linakata. Hakina gurudumu, hakina springi, na hakuna kitu ndani yake kinachoweza kuharibika isipokuwa makali ya jino lenyewe. Katika karatasi za jeshi kiliandikwa kuwa kifungua kopo cha mkono, cha kukunja, aina ya kwanza. Wanajeshi walikiita P-38. Kipo pia kikubwa chake, aina ya pili, chenye urefu wa milimita 51 na kinachoitwa P-51, ambacho ni chepesi zaidi kukitumia kwa sababu mpini mrefu humpunguzia mtumiaji nguvu anayohitaji.

Kilibuniwa lini na kwa sababu gani?

Kilibuniwa mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika maabara ya jeshi ya utafiti wa chakula iliyokuwa Chicago. Makopo ya awali ya posho ya vitani, ile iliyoitwa posho ya C, yalikuja na kifunguo chake kilichobandikwa kwenye kopo lenyewe, na mtu alikizungusha ili kuvua utepe mwembamba wa bati. Njia hiyo ilitaka kila kopo litengenezwe kwa namna ya pekee. Kifungua kopo kidogo kinachoweza kufungua kopo la aina yoyote, chepesi kiasi cha kutupiwa ndani ya kasha la chakula bila kuongeza uzito wa maana, kiliondoa tatizo hilo. Kuanzia wakati huo kiliambatana na chakula cha kopo cha majeshi ya Marekani kupitia Korea na Vietnam hadi miaka ya 1980.

Miongoni mwa watengenezaji wa mwanzo walikuwa J. W. Speaker wa jimbo la Wisconsin na kampuni ya Washburn, ambayo vifaa vyake vilipigwa chapa ya Androck. Baadaye vingi vilitoka katika mji wa Shelby, Ohio.

Jina P-38 lilitoka wapi?

Yapo maelezo mawili, na wakongwe huyabishania kwa furaha. La kwanza linasema kwamba jino lilihitaji kutoboa mara 38 ili kulizunguka kopo moja. La pili linasema ni urefu wake kwa milimita. Wanaolikataa hili la pili hukumbusha kwamba jeshi la Marekani la miaka ile lilipima kwa inchi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo naona maelezo ya urefu yana nguvu zaidi, kwa kuwa kaka yake mkubwa ana milimita 51 na jina lake ni P-51. Ni vigumu kuamini kwamba kifaa kikubwa na chepesi kukitumia kingehitaji kutoboa mara nyingi zaidi ya kile kidogo. Majina hayo yanafanana pia na ya ndege mbili za kivita za wakati huo, jambo ambalo bila shaka liliwasaidia askari kuyakumbuka.

Katika kikosi cha wanamaji wa nchi kavu, wale wanaoitwa Marines, wengi hawakusema P-38 kabisa. Wao walikiita John Wayne, kwa jina la mwigizaji ambaye husemekana alionekana akikitumia katika filamu ya mafunzo. Ukimsikia mzee wa Marekani akisema kwamba bado ana John Wayne wake, anazungumzia kipande hiki cha chuma.

Kwa nini kitu cha bei ndogo namna hii kinathaminiwa kiasi hicho?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linaanza na hesabu. Katika vita vya Vietnam, chakula cha mwanajeshi aliye porini kilikuja katika kasha la milo 12, na ndani ya kasha hilo mliwekwa vifungua kopo 4. Hakikuwa kitu ambacho kila mtu angekipata upya kila anapokula. Aliyebahatika kupata chake alikitunza, kwa sababu bila hicho kopo la nyama lilikuwa mzigo tu mgongoni, na kulifungua kwa kisu au singe kulimaanisha kumwaga nusu ya chakula na pengine kujikata mkono mahali ambapo kidonda kidogo huoza haraka kwa joto na unyevu. Mahali salama kuliko pote pa kukiweka palikuwa kwenye mnyororo wa shingoni, pamoja na vibati vya utambulisho. Ndiyo maana kwa mwaka mzima vitu hivyo vililala kifuani kwa mtu mmoja, kimoja cha kumwezesha kula na vingine vya kuwaambia wenzake jina lake endapo asingeweza tena kulisema mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba hakuna aliyekidai. Mwanajeshi anapomaliza muda wake hurudisha bunduki, kofia ya chuma, shanta na kila kitu kilichoandikwa katika daftari la stoo. Kifungua kopo hakikuandikwa popote. Kilihesabiwa kuwa sehemu ya chakula, kama kijiko cha plastiki na karatasi ya chooni. Kwa hiyo kilivuka bahari bila kuulizwa. Kwa wanaume wengi waliorejea kutoka Vietnam kati ya 1965 na 1973, hicho ndicho chombo pekee cha vitani walichokishika kwa mikono yao kila siku na ambacho kilibaki kuwa chao.

La tatu ni kazi ya mkono. Askari wa jeshi la nchi kavu alikaa Vietnam miezi 12, na wa Marines miezi 13. Mlo mmoja ulikuwa na makopo mawili au matatu: la nyama, la biskuti na vitu vitamu, na mara nyingi la matunda au keki. Hata tukichukulia kwamba nusu tu ya milo yake ilikuwa ya kopo, mtu huyo alifungua zaidi ya makopo elfu moja kwa mwendo uleule wa kidole gumba na kiganja. Kumbukumbu ya namna hiyo haikai kichwani peke yake. Mpe mzee wa miaka themanini kifungua kopo hiki naye atakikunjua kwa ukucha mmoja bila kukitazama, kabla hujamaliza kumwuliza kama anakikumbuka.

Na la nne ni wenzake. Kula kulikuwa karibu wakati pekee wa siku ambapo watu waliketi. Walibadilishana makopo: pichi na keki vilikuwa hazina iliyoweza kununua karibu kitu chochote, na kopo la nyama ya nguruwe na maharagwe ya lima lilichukiwa hadi likapewa jina la matusi. Aliyepoteza kifungua kopo aliazima cha jirani. Kwa hiyo mzee anapokishika leo hashiki chuma tu. Anamkumbuka yule aliyekuwa akimwazima, na si kila mmoja wao aliyerudi nyumbani.

Je, wakongwe wote wanakipenda?

Hapana, na ni vyema kulisema hili waziwazi. Wapo ambao harufu ya kopo linalofunguliwa huwarudisha mahali ambapo hawataki kurudi. Wapo waliokitupa siku waliyovua sare, na wapo waliokihifadhi miaka hamsini bila kukionyesha kwa mtu. Usichukulie kwamba kumwonyesha mzee kifaa hiki ni lazima kutamfurahisha.

Kinatumikaje?

Kwa anayetumia mkono wa kulia, shika kopo kwa mkono wa kushoto. Kunjua jino mpaka lisimame wima dhidi ya mpini. Weka pengo la kifungua kopo kwenye ukingo, jino likiwa upande wa ndani wa mfuniko na ncha yake ikitazama chini na mbali nawe. Zungusha kiganja kidogo kufuata mwendo wa saa mpaka jino litoboe bati, utalisikia likiingia. Rudisha kiganja, sogeza kopo kidogo kinyume cha mwendo wa saa, kisha toboa tena, na uendelee hivyo kwa mwendo mfupi wa kuyumbisha mpaka ukaribie kulizunguka kopo lote. Anayetumia mkono wa kushoto hugeuza kila kitu: kifungua kopo mkono wa kushoto, kopo mkono wa kulia, ncha ikielekea kwake.

Kosa la wanaojifunza ni kutaka kukata kipande kirefu kwa mkupuo mmoja. Jino halikutengenezwa kwa kuvutwa kama kisu. Limetengenezwa kutafuna, na anayeling'ang'aniza huacha ukingo wenye meno ya kukata vidole. Wenye uzoefu pia hawakukata mfuniko wote. Waliacha sehemu ndogo imeshika, wakaukunja nyuma, na mfuniko ukawa mpini wa kushikia kopo juu ya moto. Jiko lenyewe lilikuwa kopo tupu la biskuti lililotobolewa matundu ubavuni, na ndani yake kidonge cha kemikali kinachowaka kama kuni.

Baada ya kutumia, kioshe kwa maji ya moto, hasa kwenye bawaba, kwa kuwa mabaki ya chakula hujificha hapo.

Kilifanya kazi nyingine zaidi ya kufungua makopo?

Nyingi mno. Kilikuwa bisibisi, kikwangulio cha matope kwenye soli za buti, kikata kamba, kifungua barua kutoka nyumbani, chombo cha kusafishia kucha, na cha kukazia skrubu ndogo za redio na bunduki. Mtu mwenye kitu kimoja tu mfukoni hujifunza kukitumia kwa kila jambo.

Jeshi la Marekani bado linakitoa?

Si kwa mwanajeshi mmojammoja. Kuanzia mwaka 1981 chakula cha kopo kilibadilishwa na mlo uliotiwa ndani ya mfuko laini unaochanwa kwa mkono, na ndani ya miaka michache kifungua kopo kikakosa kazi. Kile kikubwa, P-51, kiliendelea kuambatana na makopo mapana ya chakula cha kikundi. Vifaa hivi vimegawiwa pia kwa raia pamoja na chakula cha msaada baada ya maafa. Kwa sababu hiyo kifaa kimekuwa pia alama ya kizazi: aliyekula kwa kopo anakijua, na aliyeingia jeshini baada yake mara nyingi amekiona kwa baba yake tu.

Nimerithi kimoja chenye kutu. Je, nikisafishe?

Ushauri wangu ni kukiacha kadiri inavyowezekana. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta mepesi ya mashine kwenye bawaba ili kutu isiendelee kula, kisha uishie hapo. Usikisugue kwa sandipepa wala kukitia kwenye kemikali za kung'arisha. Ule weusi uliopo kwenye mpini, mahali kidole gumba kilipokaa, na ule ulaini wa kingo zilizolika kwa kusuguana na vibati shingoni, ndivyo vinavyokitofautisha na maelfu mengine yaliyotoka katika mashine ileile siku ileile. Ukiving'oa utabaki na kifungua kopo kizuri ambacho ungeweza kukinunua kwa bei ya soda.

Kama kilikutwa kwenye mnyororo pamoja na vibati, usikitenganishe navyo.

Nitajuaje kama ninachouziwa ni cha jeshi kweli?

Tazama chapa kwenye mpini. Vya jeshi vina herufi US pamoja na jina la mtengenezaji, kama vile Speaker, Androck, Shelby au Mallin. Vilivyohifadhiwa ghalani bila kutumika huwa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyochapwa maelekezo ya matumizi. Hata hivyo vinatengenezwa vipya hadi leo kwa ajili ya wapiga kambi na wakusanyaji, na baadhi vinapigwa chapa ya US bila kuwahi kuona ghala la jeshi. Kama shabaha yako ni kufungua makopo, tofauti hiyo haina uzito. Kama unanunua historia, nunua kwa mtu anayeweza kukueleza kilikotoka, na usilipe bei kubwa kwa hadithi isiyo na mwenyewe. Vilitengenezwa vingi sana, na hata vya zamani bado ni rahisi kupatikana.

Mzee wangu amepoteza chake na ana huzuni. Nimnunulie kingine?

Mnunulie, lakini usimwambie kwamba ni sawa na kile. Kinachofaa zaidi ni kumwuliza alikuwa na cha chapa gani, kama kilikuwa cha aina ya kwanza au ya pili, na alikibeba wapi, kisha umtafutie kinachofanana. Katika kuuliza huko mara nyingi mtu hupata kusikia mambo ambayo familia haikuwahi kuyasikia. Wakongwe wengi husita wakiulizwa habari za vita kwa ujumla, kwa sababu swali ni kubwa na hawajui waanzie wapi. Swali kuhusu kopo la pichi ni dogo na lina jibu. Anza na chakula: nani alikuwa hodari wa kupika ndani ya kofia, nani alikula maharagwe ambayo wengine waliyatupa. Akifika mahali akanyamaza, nyamaza naye, wala usimharakishe.

Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na alipigana Burma. Je, naye alibeba kifaa hiki?

Swali hili huja kwa sababu nzuri, kwani maelfu ya vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (leo Malawi) walipelekwa Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko hadi mto Chindwin. Hao walikuwa chini ya jeshi la Uingereza, na posho yao na vyombo vyao vilitoka katika ghala za Uingereza. P-38 ni cha Wamarekani. Ukikuta kifungua kopo katika sanduku la babu, tafuta alama ya mshale mpana, ambayo ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona US, basi kilimfikia kwa njia nyingine, labda kwa kubadilishana na askari wa Marekani au kwa kununuliwa baadaye katika masalio ya vita. Kwa vyovyote vile, kitunze kwa uangalifu uleule. Vitu vya kila siku vya askari wa Keya vilivyobaki majumbani kwetu ni vichache kuliko medali, na vinapotea kwa kuwa hakuna aliyewaambia wajukuu kwamba ni vya nani.

Naweza kusafiri nacho kwa ndege?

Jino lake ni fupi, lakini uamuzi wa mwisho ni wa afisa anayekagua mizigo. Kama ni cha urithi, kiweke katika begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Mwenyewe amefariki. Tukiweke wapi?

Familia huamua kwa namna tofauti, na sijaona uamuzi mmoja ulio sahihi kwa wote. Kuna wanaokizika pamoja naye kwenye mnyororo wake. Kuna wanaokipa mtoto mmoja, na kuna wanaokiweka katika fremu ya kioo pamoja na picha na nishani. Katika ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam mjini Washington, uliozinduliwa mwaka 1982, watu wameendelea kuacha buti, barua, vibati na makopo ya chakula cha jeshi mbele ya majina ya wenzao, na idara ya hifadhi za taifa huvikusanya na kuvihifadhi badala ya kuvitupa.

Nikiulizwa mimi, ningependelea kibaki kwenye kitita cha funguo za mtu aliye hai, afungue nacho kopo la maharagwe mara mojamoja. Lakini kabla ya lolote, chukua kipande cha karatasi uandike jina kamili la mwenyewe, kikosi chake, mahali alipokuwa na miaka aliyotumikia, na jina la rafiki aliyekuwa akimtaja kama unalikumbuka. Kikunje na ukiweke pamoja na kifungua kopo katika bahasha moja. Fanya hivyo wiki hii, wakati mama au shangazi anayekumbuka mambo hayo bado anaweza kuulizwa.